Mashine Iliyoandikwa Kofi

Abena Dufie alianza uanagenzi akiwa na miaka arobaini na mitatu, na bwana wake wa kazi alikuwa na ishirini na tano. Jambo hilo lilimchekesha kila mtu pale mtaani Asafo, isipokuwa mjomba wake, Wofa Ntim, mkuu wa ukoo na dereva mstaafu wa malori, ambaye hakuona cha kuchekesha hata kidogo.

"Mwanamke mzima," alimwambia siku ya kwanza, "unakwenda kumwita Masta kitoto nilichokiona kwa macho yangu kikikimbia uchi kwenye mvua?"

"Wewe ndiye uliyekiona, Wofa. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini."

Na kweli alikuwa kazini. Kwa miaka kumi na tisa Dufie alikuwa mpiga chapa wa kampuni moja ya mbao, na hakuna aliyempita kwa kasi Kumasi nzima. Alipiga chapa kila alichowekewa mbele, kama kilivyo. Meneja wake wa kwanza alimkanya mapema kabisa kwamba pale analipwa kwa vidole, si kwa maoni, naye akalishika neno hilo hadi likawa tabia. Siku moja aliletewa barua ya kumwalika mkurugenzi kwenye mazishi ya mkurugenzi huyohuyo. Aliipiga chapa yote bila kukosea hata nukta, akaipeleka mezani kwa mhusika, ambaye alikuwa hai na anakunywa chai.

Kampuni ilipofungwa wakampa vitambaa sita vya kitenge, cheti chenye fremu, na laptopu kuukuu. Haukupita mwezi laptopu ikawa nzito ajabu. Ungeweza kuiwasha, ukaenda kutwanga fufu, ukala, ukanawa mikono, nayo bado inazungusha kile kiduara chake. Mtu akamwelekeza kwa kijana mmoja wa mtaa wa Adum, ghorofa ya pili juu ya duka la vyombo, anayeitwa Agyenim. Kijana akauondoa ule mfumo uliokuja nayo, akaweka mwingine wa bure ambao hata mashine kongwe inaumudu. Laptopu ikawaka kabla Dufie hajamaliza kukuna shingo.

"Umeifanya nini?" akauliza.

"Nimebadilisha mfumo tu, Anti."

"Nionyeshe."

Agyenim alidhani ni utani. Kesho yake asubuhi alimkuta mama huyo mlangoni na kigoda chake mwenyewe.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Dufie akamwita Masta, kama sheria ya uanagenzi inavyotaka, na Masta akamwita Anti, kama malezi ya mama yake yalivyotaka, na hapo katikati palikuwa na tatizo la ufagio. Mwanagenzi hufika wa kwanza na kufagia kwa bwana wake. Hilo halina mjadala. Lakini kila Masta Agyenim alipofungua kinywa kusema "Anti, fagia," kinywa kilikataa. Mama yake mzazi angesikia angemjia juu. Dufie naye alikuwa akingoja kuambiwa, kwa kuwa miaka kumi na tisa alizoea kufanya alichoambiwa. Basi Masta akawa anafagia mwenyewe, kila siku, kwa miaka mitatu, na wanagenzi wa maduka ya jirani wakimpita kwenye ngazi walikuwa wakimwuliza kama naye amepata bwana mkali.

"Huyo mkali hamjamwona akishika bisibisi," aliwajibu.

Maana Dufie alijua kazi. Mwaka wa kwanza alifanya makosa ya kila mtu: alinakili faili la mfumo kwenye flashi kama anayenakili picha za harusi, kisha akashangaa kwa nini mashine haiwaki kwayo. Mwaka wa pili alikuwa anazijua mashine kwa harufu. Laptopu za Adum huja na makontena kutoka maofisi ya ng'ambo, zimebandikwa majina ya watu tusiowajua, na kila moja ina ukaidi wake. Moja haitaki flashi mpaka ulifungue kufuli lake la usalama. Nyingine huiona flashi ukiichomeka upande wa kushoto tu. Mteja akija analia, Dufie humwambia akae, amuache azungumze nayo.

Na duka la Masta Agyenim lilikuwa na desturi yake. Mashine ikiwekewa mfumo mpya na kuwaka kwa mara ya kwanza, hupewa jina la siku hiyo, kama sisi sote tulivyopewa tulipotoka tumboni. Ikiwaka Jumatatu ni Kwadwo. Ikiwaka Alhamisi ni Yaw. Fundi anatazama siku kwenye pembe ya skrini, anageuza mashine, na kuandika jina chini kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu. Wateja walipenda sana. Mtu akipiga simu kulalamika, Masta alikuwa akiuliza, "Yaw yupi, yule mnene au yule wa kwa mwalimu?"

Kitu kimoja tu Dufie hakukipenda, nacho ni mitego. Masta alikuwa na mchezo wa kuharibu mashine kwa makusudi ili kumpima. Alilegeza kadi ya kumbukumbu. Alipachika waya kinyume. Siku moja aliweka kipande cha karatasi ya peremende kwenye meno ya diski, na Dufie akapoteza asubuhi nzima.

"Masta, wewe una roho mbaya."

"Mteja hatakwambia alichofanya, Anti. Mashine ndiyo itakwambia, ukiisoma."

Miaka mitatu ilipotimia ikaja habari ya uhuru. Mwanagenzi akihitimu, bwana wake humfungua mbele ya watu: wanaomba, wanakula, wanammwagia poda nyeupe kichwani mpaka anafanana na aliyetumbukia kwenye unga, na kuanzia hapo ni fundi kamili anayeweza kufungua duka lake. Dufie alitaka uhuru huo kwa sababu yenye kuta nne. Ile nyumba ya ukoo pale Asafo ilikuwa na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilichokuwa kitupu tangu bibi yao alipoacha ushonaji. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Wofa Ntim. Na binamu yake Boadi, muuza friji, alikuwa anaumezea mate.

Wofa alitoa hukumu yake ukumbini, sauti ileile aliyozoea kuwafokea matandiboi.

"Chumba nitampa fundi. Mwanagenzi simpi. Dufie akifunguliwa Jumapili, ufunguo wake. Asipofunguliwa, Boadi aingize friji zake Jumatatu, tusisumbuane."

"Jumatatu saa ngapi?" Boadi akauliza.

"Boadi!"

"Nauliza tu, Wofa. Nina mkokoteni wa kukodi."

Jumatano, siku nne kabla ya sherehe, Masta Agyenim akashusha rafuni laptopu ya kijivu, nzito, pembe zimemomonyoka. Betri yake kubwa ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo ilifanya kazi kwa waya wa umeme tu, jambo la kawaida pale dukani.

"Mtihani wako huu, Anti. Weka mfumo. Jumapili, mbele ya watu, mgeni mmoja abonyeze kitufe, iwake. Ikiwaka umefunguliwa. Mimi kuanzia sasa sitasema neno na sitaigusa."

Dufie alimtazama kwa jicho la pembeni, akakunja mikono ya nguo, akaingia kazini. Flashi haikuonekana. Akabonyeza F2 akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayosomwa na mashine kabla ya kitu kingine chochote. Juu kabisa kulikuwa na saa na tarehe, lakini nani husoma tarehe akiwa na haraka? Akashuka chini. Akafungua kufuli la usalama. Mashine ilikuwa imepangwa kuwaka kwa njia ya kizamani. Akaihamishia kwenye njia mpya. Kwenye foleni ya kuwashia, flashi ilikuwa ya mwisho. Akaipandisha ikawa ya kwanza. Akahifadhi. Saa moja na nusu baadaye mfumo ulikuwa umekaa, akaizima na kuiwasha mara tatu, na mara zote tatu ikawaka safi. Intaneti ya duka siku hiyo ilikuwa imekwisha, hakuihitaji.

Akatazama pembe ya skrini. Akageuza mashine, akaandika KOFI. Kisha akampigia mjomba wake.

"Wofa! Imewaka!"

"Dufie, niko kwenye maombi ya Jumatano," sauti ikanong'ona kwa hasira, na nyuma yake kikundi cha madereva wastaafu kikaitikia amina.

Jioni akachomoa waya, akaiweka mashine rafuni, akaenda zake anaimba.

Alhamisi asubuhi akaichomeka mbele ya mteja mmoja ili ajionee. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe ukasema hakuna mfumo uliopatikana.

Mteja akasema anakumbuka ana safari, akaondoka.

Dufie akaingia F2. Alichokiona kilimkata maini. Kufuli la usalama limerudi, njia ya kuwaka imerudi kuwa ya kizamani, foleni imerudi ilivyokuwa. Kila alichokipanga kwa mkono wake kimepanguliwa kimoja kimoja. Akageuka.

"Masta."

"Naam, Anti."

"Mkono wako."

"Una nini mkono wangu?"

"Umeingia kwenye mashine yangu usiku. Tangu mwaka jana nimekuambia mitego yako nimeichoka. Mtihani ni mtihani, usinichezee na chumba changu!"

Masta Agyenim akainua mikono yote miwili juu. "Anti, nakuapia kwa mama yangu. Tangu nilipokukabidhi jana asubuhi sijaigusa mashine hiyo. Hata vumbi sijaifuta."

"Mama yako anajua unavyomtumia?"

"Sijaigusa!"

Hakumwamini hata chembe. Akapanga upya kila kitu, ikawaka, na jioni akachomoa waya akaitia mashine kwenye mfuko wa soko, akaibeba kwenda nayo nyumbani, huku Masta akimsindikiza kwa macho. Aliificha chini ya kitanda. Ijumaa alfajiri akaichomeka.

Nyeusi.

Hapo akaogopa kweli. Masta hakuwepo. Boadi alikuwa amelala, anakoroma hadi barabarani. Aliyeingia chumbani ni paka tu, na Dufie akamtazama paka kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Labda mfumo haukukaa vizuri. Akaufuta, akauweka upya kuanzia mwanzo, akapanga mipangilio, ikawaka. Safari hii hakutaka hata kuitikisa. Akaiacha palepale mezani imechomekwa, akaifunika kitambaa, akawakataza watoto kupita karibu. Jumamosi aliiwasha mara kumi na moja na mara zote ikawaka. Alihesabu. Basi imepona, akajiambia, na moyo ukatulia kiasi cha kuweza kula.

Jumapili baada ya ibada ua wa nyumba ulijaa viti vya kukodi na watu waliovaa nyeupe na buluu. Supu ya mbuzi ilikuwa inachemka upande wa jikoni na akina mama wawili walikuwa wanatwanga fufu kwa zamu. Osofo Amoah, mchungaji, aliomba sala iliyoanzia uumbaji wa ulimwengu na kufika kwenye kompyuta polepole sana. Masta Agyenim alikuwa amekaa mbele na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, kopo la poda magotini.

Dufie akaingia chumbani, akachomoa waya, akaileta laptopu ya kijivu uani kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cha lesi. Mtu akapitisha waya dirishani. Akachomeka.

"Wofa Ntim ndiye atakayebonyeza," akatangaza.

Wofa akasogea, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuwasha lori bovu kwenye mlima, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka. Watu wakanyoosha shingo. Skrini ikawa nyeusi, ukatokea mstari mweupe.

"Pana maandishi," akasema Wofa. "Ndiyo imewaka?"

Kule nyuma Boadi akakohoa.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Lakini mkokoteni nimeshaulipia."

Watu wachache wakacheka na wengine wakawanyamazisha. Dufie alisikia masikio yakiwaka moto. Aliona aibu, aibu ya waziwazi, ya mtu mzima aliyewaita watu wazima waje wamwone akishindwa. Alimwangalia Masta. Masta alikuwa anatazama viatu vyake. Na hapo hata hasira haikumsaidia, kwa sababu alijua kwa hakika kwamba kijana huyu hakuikaribia mashine tangu Alhamisi.

Wofa Ntim, ambaye maisha yake yote chombo kikigoma alikuwa akilala chini kukitazama tumbo, akaishika laptopu akaigeuza.

"Kofi," akasoma. "Kofi ni nani?"

"Ndilo jina lake, Wofa," Dufie akasema kwa sauti ndogo. "Tunaziita kwa siku iliyowaka mara ya kwanza."

"Iliwaka lini?"

"Ile siku niliyokupigia simu."

"Ulinipigia Jumatano."

"Wofa, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nilikuwa kwenye maombi ya Jumatano, Osofo huyu hapa alinikodolea macho! Osofo, si kweli?"

"Ni kweli," Osofo Amoah akasema. "Simu iliita wakati wa toba."

"Basi!" Wofa akapiga meza. "Mtoto wa Jumatano ni Kwaku. Wewe Dufie, kiumbe kimezaliwa Jumatano, unakiitaje Kofi, jina la Ijumaa? Hata mlevi hakosei siku ya mtoto! Ndiyo maana haiitiki. Unaita mtoto wa watu!"

Ua mzima ukaangua kicheko, hata wale waliokuwa wanatwanga wakasimamisha michi. Lakini Dufie hakucheka. Alisimama na mdomo wazi.

"Wofa, rudia."

"Nirudie nini? Nimesema Jumatano ni Kwaku!"

"Niliandika nilichokiona," Dufie akasema taratibu, kama anaongea peke yake. "Skrini ilisema Ijumaa. Nikaandika Ijumaa. Mimi mwenyewe nilijua ni Jumatano, na bado nikaandika Ijumaa."

Kisha akaanza kucheka, na akina mama wa kanisani wakatazamana wakidhani fahamu zimemtoka. Akaivuta mashine, akabonyeza F2, na safari hii hakushuka chini. Akasoma pale juu. Tarehe mosi Januari, miaka kumi na miwili iliyopita.

"Saa yake imekufa," akasema.

"Kwa hiyo?" Boadi akauliza.

"Kwa hiyo haikuchezewa na mtu. Wofa, nisikilize. Ndani humu kuna kibetri kidogo, duara, kama sarafu. Kazi yake ni kushikilia kumbukumbu waya ukiwa umechomolewa: saa, tarehe, na yale yote niliyoiambia kuhusu namna ya kuwaka. Kibetri kikifa, kila ukichomoa waya mashine inasahau. Jumamosi niliiacha imechomekwa, ikakumbuka. Leo nimeichomoa kuileta hapa, hatua ishirini tu, ikasahau hata jina langu."

"Mimi nilikuwa na lori la namna hiyo," Wofa akasema, ghafla amependezwa. "Ukizima, limekufa. Tulikuwa hatuzimi mpaka tufike Tamale."

"Hilohilo."

"Sasa si uipange tena?" akasema Osofo Amoah, ambaye pua yake ilikuwa imeelekea jikoni. "Inachukua muda gani?"

"Dakika mbili."

"Bwana asifiwe. Panga, iwake, tule."

Dufie akainama kwenye kibodi. Vidole vilikuwa tayari; dakika mbili na chumba ni chake, na hakuna hata mmoja pale uani ambaye angejua tofauti, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameacha kutazama viatu. Akavinyanyua vidole.

"Hapana, Osofo. Ikiwaka leo na kesho ikasahau, nitakuwa nimepiga chapa tu. Hiyo kazi niliimaliza. Nataka kibetri."

"Jumapili hii?" Boadi akasema. "Duka gani liko wazi?"

Saa ya ukutani ikaletwa. Betri zake ndefu, hazifai. Mtoto akaleta mdoli unaoimba. Betri zake ndogo mno. Dufie akazungusha macho uani kote, viti kwa viti, mpaka yakatua kwenye mkono wa Osofo Amoah, uliokuwa unazungusha ufunguo wa gari, ule wenye kitufe cha kufungulia milango kwa mbali.

"Osofo," akasema kwa upole mkubwa.

"Hapana."

"Osofo, kidogo tu."

"Gari halitafunguka!"

"Toa, Osofo!" akina mama wa kanisani wakapaza sauti kwa pamoja. "Kila Jumapili unatuambia sisi tutoe!"

Osofo akatoa. Dufie alikuwa amevaa kaba, blauzi ya sherehe yenye mabega yaliyosimama na taraza mikononi, lakini kwenye mkoba wake, kati ya kitambaa cha jasho na kitabu cha nyimbo, bisibisi ilikuwepo. Akageuza mashine, akafungua skrubu tisa akiziweka kwenye kisahani cha sabuni, akainua kifuniko. Kibetri kilikuwa kimelala kwenye kitanda chake cha plastiki. Akakibandua kwa ukucha, akaweka kile cha ndani ya ufunguo wa Osofo, akafunga. Akaingia F2. Akaandika tarehe ya leo na saa, akafungua kufuli, akageuza njia, akapanga foleni. Akahifadhi. Mashine ikawaka, rangi zikajaa skrini, na ua ukapiga yowe la furaha. Masta akashika kopo la poda.

"Bado," Dufie akasema.

Akaushika waya wa umeme na kuung'oa kwenye mashine. Skrini ikazimika.

"Eii!" Wofa Ntim akajishika kichwa. "Dufie, una wazimu? Imewaka, unaizima ya nini?"

"Hesabuni mpaka mia."

Wakahesabu. Walianza kwa kunung'unika, lakini walipofika thelathini ikawa wimbo, na sitini ilipigiwa makofi, na tisini watu walikuwa wamesimama. Mia. Akachomeka.

"Wofa, bonyeza."

Wofa akabonyeza na kufumba macho. Alipoyafumbua kulikuwa na picha ya mlima na ziwa mbele yake, na kwenye pembe ya juu, siku. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Jumapili," akasoma. Kisha akageuka kwa watu, akanyoosha mkono. "Jumapili! Ni Kwasi! Huyu ni mtoto wetu!"

Poda ikamwagika. Masta alimwaga kopo zima, halafu akina mama wakatoa makopo yao, na Dufie akawa mweupe kuanzia nywele hadi mabega yale yaliyosimama, analia na kucheka, poda inageuka uji mashavuni. Hakujali hata kidogo. Alifurahi kama hajawahi kufurahi maishani.

Vigelegele vilipopoa Masta Agyenim akatia mkono kwenye mfuko wa shati lake lililopigwa pasi, akatoa kitu kidogo kinachong'aa, akamwekea Osofo Amoah kiganjani. Kilikuwa kibetri cha duara, kizima.

"Kwa gari lako, Osofo. Samahani."

Dufie akakitazama kile kibetri. Akamtazama Masta.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwenye mashine hiyo," Masta akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Nilikibadilisha na kilichokufa."

"Uliniapia kwa mama yako!"

"Niliapa sijaigusa tangu Jumatano, Anti. Niliigusa Jumanne." Akarudi hatua nyingine. "Nimekibeba mfukoni siku tano. Uliponifokea Alhamisi nilikaribia kukupa. Na pale uliposema 'hapana, Osofo', mimi nilikwisha kukufungua moyoni. Poda ilikuwa ya watu."

Dufie akainua mkono kana kwamba atampiga kofi, akamvuta, akamkumbatia mpaka shati likaharibika.

Wofa Ntim hakutoa hotuba. Alitoa ufunguo mfukoni, mrefu, wa kizamani, akaupangusa kwenye nguo yake na kumpa, kisha akasema kwa sauti kwamba supu isipopakuliwa sasa hivi yeye atakula na masufuria. Boadi alikula sahani tatu kwa uchungu wa mkokoteni wake.

Jioni jua likiwa bado juu ya mabati, Dufie akaenda kufungua chumba cha mbele. Masta Agyenim alikuwa amebeba laptopu ya kijivu, ambayo chini yake KOFI ilikwisha kukwanguliwa na KWASI haijakauka. Mlango ukalalamika ukafunguka. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka, utando wa buibui, pini za bibi, na kila hatua Dufie aliyopiga iliangusha poda nyingine sakafuni.

Masta akaweka mashine dirishani, akatazama sakafu, na bila kufikiri, kama kila asubuhi kwa miaka mitatu, akauchukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango.

Dufie akaushika mpini.

"Niachie," akasema. "Hapa ni kwangu."

Akauchukua ufagio, akajifunga kitambaa kiunoni juu ya kaba ya sherehe, akaanzia pembeni kabisa.